Kijito cha Kunawia Miguu

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nimechapwa sana utotoni kwa ajili ya hilo na bado sijakoma. Kwa hiyo walipokuja kuniomba niingie kamati ya shule, pale kwenye mji wetu mdogo ulioko njia ya Matombo, sikujivunga hata kidogo. Wenzangu walikuwa wanakwepa, wanasema vikao vingi na hata soda hakuna. Mimi nilitaka kuiona bajeti. Neno hilo nimelisikia redioni maisha yangu yote: kila mwaka linasomwa, watu wanagonga meza, halafu sukari inapanda. Nikasema hebu safari hii nisogee karibu nione linavyopikwa.

Kazi yangu ni cherehani. Nashona sare za shule mwaka mzima, sketi za buluu na mashati meupe, na kibanda changu kinatazamana na ofisi ya kata. Kwa hiyo hata kabla ya kamati nilikuwa najua nani kaingia mle ndani, nani katoka, na nani katoka amenuna.

Bajeti yenyewe nilipoiona, loo, ilinishangaza kwa udogo. Nilidhani nitaona mambo makubwa. Kumbe kwa upande wa shule za kata yetu, ukiacha yale yanayotoka serikali kuu, kulikuwa na fungu moja tu la mapato ya ndani, yaani ule ushuru unaokusanywa getini kwenye ndizi, karafuu na mdalasini zinazoshuka kutoka milimani. Fungu moja, na lilikuwa linavutwa na pande mbili kama kanga ya mnadani.

Upande mmoja ilikuwa shule yetu ya pale mjini. Darasa la kwanza wanakaa sakafuni, wamebanana, mwalimu akitaka kwenda ubaoni lazima aombe njia. Upande wa pili ilikuwa shule shikizi ya kitongoji cha juu mlimani. Hiyo ni shule ndogo, tawi la shule yetu, ina vyumba viwili na mwalimu mmoja. Watoto wa kule wanasoma humo darasa la kwanza na la pili, miguu ikishakomaa ndipo wanashuka kujiunga na wenzao mjini. Upepo ulikuwa umeng'oa bati za chumba kimoja na vyoo vilikuwa vimetitia. Sasa hoja ikawa hii: tuezeke na kuchimba vyoo kule juu, au tuifunge shikizi, mwalimu ashuke, watoto washuke, na fungu lote lijenge madarasa mawili mjini?

Kitongoji hicho cha juu ndiko nilikozaliwa. Mama yangu anaishi huko mpaka leo, pamoja na binti wa mdogo wangu. Mdogo wangu yuko Dar anahangaika na maisha, na kwetu Waluguru mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, hakuna cha mtoto wa fulani. Januari inayofuata mtoto huyo alikuwa anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Shikizi ikifungwa, ashuke mlima kila asubuhi na kuupanda kila mchana.

Mama alizipata habari kabla sijamwambia. Akanipigia simu nikiwa katikati ya kupinda marinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia mnataka kutufungia shule."

"Hatujafunga, mama. Tunajadili."

"Mnajadili. Na huyu mtoto atashukaje?"

"Si atatembea? Kwani sisi hatukutembea?"

"Haya," akasema. Simu ikakatwa. Nikadhani ni mtandao.

Kikao cha kwanza kilikuwa Januari, jua la kupasua kichwa. Mwalimu mkuu wa mjini alisimama akaeleza hali ya darasa lake, na mwanamke yule anajua kueleza. Mpaka diwani, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akawa anatikisa kichwa. Mwenyekiti wa kitongoji cha juu naye akasimama, akasema watoto wake ni wadogo na njia ni ndefu. Alisema maneno hayo mawili akakaa. Ametoka kule juu, kavaa shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, anazungumza kwa upole kama kaja kuposa. Nani angemhurumia?

Mimi mdomo ulikuwa unaniwasha. Nikanyoosha kidole.

"Mimi nimezaliwa kule juu," nikasema. "Enzi zangu hiyo shikizi haikuwepo. Nilianza darasa la kwanza hapa hapa. Nilishuka kwa miguu yangu, nikapanda kwa miguu yangu, na mnaniona, nimesimama mbele yenu mzima wa afya."

Watu wakapiga makofi. Diwani akasema huyo ndiye shahidi wa uhakika. Nikakaa chini nimevimba kichwa.

Na wala sikuwa nadanganya. Nilikuwa naiona kabisa, kama sinema. Naona kijito. Naona maji baridi, mama ameinama ananisugua katikati ya vidole, mimi napiga kelele. Naona viatu vyangu vya plastiki vinatolewa kwenye kikapu. Kisha nakimbia ile njia ya tambarare, begi linanipiga kiunoni, mpaka nasikia kengele.

Kijito hicho kila mtu wa juu anakijua. Ni maji ya mwisho kabla hujaingia mjini, na hakuna anayevuka bila kusimama. Unashuka na matope mpaka magotini, unafika pale unanawa, unavaa viatu ulivyokuwa umevibeba, kanga iliyolowa unaikunja unaifunga nyingine. Uwe unakwenda sokoni, msibani, hospitali, unanawa. Nimewahi kumwona mwanamke ana uchungu wa kuzaa, wamemshusha kwa machela, wakamweka chini pale wakamnawisha miguu kwanza. Mama yangu ndiye kiboko kwa jambo hilo. "Mjini huingii na mlima miguuni," ndivyo alivyotulea. Mimi masika huwa sipandi, nasema ukweli. Masika mama ndiye anayeshuka kuja kuniona, na siku zote anafika kibandani kwangu miguu inang'aa mafuta ya nazi.

Basi diwani akaona isiwe maneno matupu. Akaomba halmashauri imtume afisa mipango akaikague njia, na mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza. Kijana mwenyewe alikuwa na adabu zake. Alikuja na buti mpya, ananiita mama, anauliza kila mti unaitwaje. Bodaboda zikatufikisha kijitoni, tukaanza kupanda.

Jamani! Njia sikuitambua. Imefyekwa upande huu na huu, utadhani anakuja waziri. Penye mteremko wamechonga ngazi kwa jembe, kila ngazi imewekewa gogo. Penye utelezi wamemwaga changarawe. Kona ya kwanza tukawakuta akina mama na ndizi mbivu na machungwa yaliyomenywa. Kona inayofuata, maji ya miwa. Mbele tena, kigoda chini ya mwavuli, "Karibu mgeni, pumzika." Mmoja akachukua begi la afisa, mwingine akachukua koti, mwingine akawa anamsimulia visa vya nyani mpaka kijana wa watu anacheka machozi. Alipumzika kila kona na wala hakujua kuwa anapumzika.

Juu kabisa mama alikuwa amepika wali na kuku wa mdalasini. Shikizi wameifagia, ile sehemu isiyo na bati wameifunika kwa maturubai mapya ya buluu, yanapendeza kweli. Afisa akala, akashiba, akaegemea ukuta.

"Kumbe ni karibu tu!" akasema. "Nilivyoambiwa nilidhani tutafika jioni. Na njia nzuri, hongereni sana."

Watu wakatabasamu, wengine wakasema ahsante. Mama alikuwa ameshika sahani ya matunda. Akaiweka chini polepole, hakuifikisha kwa mgeni.

Walipomaliza kumfungia mgeni jogoo wake wa zawadi, nikamvuta mama jikoni.

"Mama, mlimfyekea njia ya nini? Si mlitaka aone tabu?"

"Mgeni apite kwenye matope?" Alinitazama kama mtu niliyemtukania wazazi wake. "Tutaonekana watu gani?"

"Lakini sasa ataandika njia ni nzuri."

"Aandike. Wewe si ulishawaambia?"

Nikatoka jikoni. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni anamenya chungwa kwa meno, akaniuliza kama shuleni kwetu mjini kuna bembea. Nikamwambia hakuna. Akaona basi hakuna maana ya kwenda.

Wiki zile zilizofuata nilikuwa nashona huku nawaza. Jambo lenyewe lilinishika, si kwa uchungu, kwa kutaka kujua. Watu wazima wenye akili zao wanaitaka shule, halafu wanatumia siku tatu kwa jembe kuiharibu hoja yao wenyewe! Nikajaribu kuikumbuka ile njia ya utotoni, nione ilikuwaje kabla ya ngazi za magogo. Hapo nikakwama. Kutoka kijitoni kuja chini nakumbuka kila jiwe. Kutoka kijitoni kwenda juu, enzi zile za darasa la kwanza, hakuna kitu. Kulikuwa na harufu ya moshi kwenye kanga, na sauti ya maji mahali fulani mbali, na usingizi. Nikasema labda nilikuwa natembea nasinzia. Watoto si wana vituko vyao?

Kikao cha pili, cha kupitisha mapendekezo, kiliangukia siku ya mvua. Ilikuwa imenyesha usiku kucha na asubuhi milima haionekani, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Mvua za kule kwetu hazina kiangazi cha kuaminika. Ofisi ya kata ilijaa, madirisha yamefungwa, joto la watu. Afisa mipango akasoma taarifa yake: umbali ni wa wastani, njia inapitika vizuri, wakazi wameonyesha ari kubwa ya kuitengeneza. Mwenyekiti wa kitongoji cha juu hakuwepo. Walisema mvua imemzuia. Diwani akatazama saa.

"Kama hakuna hoja nyingine," akasema, "tuamue."

Hapo mlango ukafunguliwa.

Aliingia mama yangu. Mtumee! Sikumtambua kwa sekunde kadhaa. Matope mpaka mapajani. Kanga imelowa imemganda, ya kichwani imeteleza, mvi ziko nje. Hana viatu, na mkononi hana viatu. Kamshika mtoto mkono, na mtoto naye ni tope tupu, kiwiko kinavuja damu, gauni limechanika begani, anatetemeka kwa baridi na hasira. Wakapita katikati ya watu na kwenda mpaka mbele. Kila hatua inaacha bonge la udongo mwekundu kwenye saruji. Mhudumu wa ofisi akainuka kutafuta ufagio, akaona aibu, akakaa.

Nawaambieni nilichosikia kwanza hakikuwa huruma, ilikuwa fedheha. Damu ilinipanda usoni. Mama yangu mimi! Mbele ya diwani, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya watu ninaowashonea nguo! Nikasogea nikamnong'oneza.

"Mama, hukupita kijitoni?"

"Nimepita," akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Sikunawa."

Diwani akaweka kalamu chini. Bati tu linapigwa na mvua.

"Shikamooni wenye kikao," akasema, ingawa wengi wao angewazaa. Hiyo ni kejeli yake, mimi namjua. "Tumetoka nyumbani alfajiri, mtu hamwoni mwenzake. Huyu ametembea mwenyewe, kama mlivyotaka. Ameanguka, nimemwinua, ameanguka tena. Zile ngazi tulizomchongea mgeni mvua imezibeba, magogo yako mtoni. Sasa niambieni, darasa la kwanza wako kipindi gani saa hizi?"

Mwalimu mkuu alikuwa amekaa jirani yangu. Akasema kwa sauti ndogo, "Wameshatoka mapumziko."

"Haya. Angekuwa mwanafunzi, amekosa vya leo. Na kesho atakuwa na homa, atakosa vya kesho."

Diwani akakohoa. Alikuwa mtu mwema, alitaka kuelewa tu. "Mama yangu, pole sana. Ila binti yako hapa alituambia yeye alikuwa anatembea njia hiyo hiyo, darasa la kwanza."

Mama akageuka akanitazama. Nilitegemea akasirike. Akacheka, kicheko cha kweli kabisa, mpaka akashika ukingo wa meza.

"Huyu? Alitembea lini huyu? Huyu nilimbeba mgongoni! Darasa la kwanza lote na la pili. Nashuka naye amelala mpaka kijitoni. Namwamsha kwa maji, namnawisha, namvika viatu, namwambia haya kimbia mwanangu. Mchana narudi kumpokea pale pale, namvua viatu, namweka mgongoni, tunapanda. Tangu darasa la tatu, hapo sawa, alitembea. Anachokumbuka ni kijito kuja huku!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Hata yule kijana wa mipango. Mimi sikucheka, kwa sababu palepale ile harufu ya moshi kwenye kanga ilikuja, na nikajua pua yangu ilikuwa imewekwa wapi.

Mama alingoja kicheko kiishe. Akamvuta mtoto mbele yake.

"Huyu siwezi kumbeba," akasema. Sasa hakuwa anacheka. "Ningeweza nisingekuja kuwachafulia ofisi. Mgongo wenyewe umekwisha. Umetumika kumsomesha huyo hapo anayewashonea sare."

Hakuna aliyecheka tena. Mimi machozi yalinitoka mbele za watu, na sikujali nani ananiona.

Mjadala ulioendelea baada ya hapo haukuwa mwepesi, msije mkadhani watu waliinuka wakaimba. Mwalimu mkuu alipinga. Alisema watoto wake nao ni watoto, wako sakafuni, na alikuwa na haki kabisa. Mtu akauliza kwa nini mwenyekiti wa kitongoji hakuyasema haya tangu Januari. Mwingine akasema watu wa juu bwana, hata uchi watauficha kwa tabasamu. Afisa mipango akainama, akazitazama buti zake, akasema kwa kweli yeye aliona alichoonyeshwa. Mama akamjibu, "Ulikuwa mgeni wetu, baba, ungeonyeshwa nini?" Na nilipoulizwa mimi nikasema ushahidi wangu wa Januari naufuta, sikuwepo kwenye hiyo njia, nilikuwa nimelala.

Mwisho ikapita hivi: shikizi iezekwe na ichimbiwe vyoo kwanza, kinachobaki kianzishe darasa moja la mjini badala ya mawili. Nilinyoosha mkono kwa upande wa shikizi. Mwalimu mkuu hakunisemesha kwa muda mrefu, na sare za shule yake akawa anawaelekeza wazazi kwa fundi mwingine. Sina la kumlaumu. Ukipita pale darasani kwake leo bado utaona watoto sakafuni, wamepungua tu.

Siku ile kikao kilipoisha mvua ilikuwa imekata. Niliwapeleka kibandani, nikawapa chai, nikamfunga mtoto kiwiko kwa kipande cha kitambaa cheupe cha shati. Nilitaka kumnawisha mama miguu, akakataa, akasema si anarudi kule kule kwenye matope. Nikafunga cherehani nikasema nawasindikiza.

Kijitoni nilivua viatu nikavibeba. Nikachuchumaa nikamwambia mtoto apande. Alisita, akamtazama bibi yake, akapanda. Mama akatufunga na kanga yake ya kichwani, akaikaza kifuani kwangu kwa fundo, na mikono yake haikuwa inatafuta, ilikuwa inajua.

Mlima ule bwana! Kabla ya kona ya kwanza nilikuwa nahema, utelezi unanirudisha hatua moja kila nikipiga mbili. Mama alikuwa mbele, ameshika fimbo, mgongo umepinda upande kidogo, jambo ambalo miaka yote nilidhani ni uzee tu. Mtoto alizungumza, akauliza habari za bembea tena, kisha sauti ikapungua na kichwa chake kikawa kizito kwenye bega langu.

Tulifika mahali penye jiwe kubwa, ambapo maji yanasikika chini lakini hayaonekani. Mama akasimama kunisubiri. Akachungulia mgongoni kwangu.

"Amelala?"

"Amelala."

"Eeh," akasema, akageuka kuendelea na safari. "Na wewe usingizi ulikuwa unakuchukua hapa hapa."